Fuata koleo: jinsi ya kukagua usalama wa kliniki yako ya meno

Mwongozo huu nauandikia mfawidhi, mmiliki au tabibu wa meno anayesimamia kliniki ndogo hapa Arusha: kiti kimoja au viwili, msaidizi mmoja, otoklevu ya mezani (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke), tangi la maji juu ya paa. Ukaguzi wenyewe unakula asubuhi moja na kipande cha mchana. Mimi huufanya kila baada ya miezi mitatu, siku ya kazi yenye wagonjwa wa kawaida, na tarehe siitangazi. Siku ikishatangazwa, utakachokuta ni usafi wa siku hiyo tu.

Wengi wetu tukisikia neno ukaguzi tunakimbilia kabati la mafaili. Leseni ipo? Rejista imejazwa? Karatasi zina zamu yake na nitazifikia mwishoni, lakini ugonjwa hausafiri kwenye karatasi. Unasafiri kwenye koleo lililotoka kinywani mwa mtu mmoja likaingia kinywani mwa mwingine. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7, na macho hayavioni. Kwa hiyo njia yangu ni hii: chagua koleo moja, tuseme la kung'olea magego ya chini, ulifuate kuanzia linapotoka mdomoni hadi linaporudi mdomoni. Kila linaposimama nawe simama. Tazama kwanza, maswali baadaye. Mtu ukimuuliza atakujibu kile alichofundishwa chuoni; mikono yake hufanya ilichozoea.

Beba daftari, kalamu, saa yenye mshale wa sekunde, na tochi ya simu. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, kaa na wenzako dakika tano. Waambie unaangalia kazi inavyokwenda, na kwamba hakuna atakayekatwa mshahara kwa utakachokiona. Ahadi hiyo uitimize, la sivyo ukaguzi unaofuata utaonyeshwa maigizo.

Hatua ya 1: Kaa pembeni ya kiti, usiguse kitu

Tazama mgonjwa mmoja tangu anakaa mpaka anainuka. Kazi yako ni kufuata glavu. Kila glavu iliyokwisha kuingia mdomoni ikigusa kitu cha nje, piga mstari kwenye daftari. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, jino moja tu liling'olewa, na glavu ile ile ikagusa mpini wa taa mara nne, droo mara mbili, kalamu ya rejista mara moja na simu mara moja. Aliyefanya hayo ni mtu makini ninayemheshimu, na alipoona mistari alishtuka kuliko mimi. Dawa yake ni kupanga vifaa vyote vya mgonjwa huyo kwenye trei kabla ya kuanza, kufunika mpini wa taa kwa plastiki nyembamba inayobadilishwa kila mgonjwa, na simu ibaki nje ya chumba cha tiba.

Mgonjwa akishuka, hesabu sekunde. Mabomba ya maji na hewa yanayoingia kinywani yaachiwe yatiririke sekunde 20 hadi 30 kabla ya kufunguliwa hendipisi, ile mashine ya mkononi inayochonga jino, ili kusukuma nje mate na damu vilivyovutwa ndani. Baada ya hapo sehemu zote zilizoguswa zipanguswe kwa dawa, na dawa iachwe ikae muda ulioandikwa kwenye chupa. Kupangusa na kukausha papo hapo kwa kitambaa kile kile kilichotumika tangu asubuhi ni kuhamisha uchafu kutoka kiti hadi kiti.

Sasa sindano ya ganzi, ambayo ndiyo inayowachoma watu wetu zaidi ya kifaa kingine chochote nilichokutana nacho. Katika meno mara nyingi mgonjwa huongezwa ganzi, kwa hiyo sindano inabidi ifunikwe na kutumika tena kwa mgonjwa yule yule. Kufunika kufanywe kwa mkono mmoja: kifuniko kimelala kwenye trei, sindano inakiokota. Ukiona mkono wa pili umeshika kifuniko, andika. Tazama pia sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, iko wapi. Inatakiwa iwe mahali mkono unapofika bila kutembea, na ifungwe ikijaa robo tatu.

Halafu angalia ganzi iliyobaki inakwenda wapi. Katriji, kile kichupa kidogo cha ganzi, ni ya mgonjwa mmoja, hata kama imebaki nusu, kwa sababu damu inaweza kurudi ndani yake wakati wa kuchoma na usiione. Kliniki zinazotumia chupa kubwa ya lignokaini, yaani dawa ya ganzi, zina hatari nyingine: kila uvutaji wa dawa unataka sindano mpya na bomba jipya, na chupa iandikwe tarehe ya kufunguliwa. Siku 28 zikipita itupwe. Najua katriji ni ghali na sanduku moja linaumiza mfuko. Hata hivyo hapa sina pa kulegeza.

Hatua ya 2: Sinki

Koleo limetoka kwenye trei. Limebebwaje? Liwe ndani ya chombo chenye mfuniko, lisibebwe mkononi kupita katikati ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi. Limefika kwenye sinki gani? Sinki la vifaa na sinki la kunawia mikono ni viwili tofauti. Ukikuta ni kimoja kwa sababu ya nafasi, hilo ni jambo la kwanza la kuandika kwenye daftari, maana hakuna utaratibu wa maneno utakaolifidia.

Anayeosha vifaa mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kuitwa kwenye semina hata moja. Mwamkie vizuri, kaa naye, mwache aoshe kama kawaida. Mwaka ule nilipoanza, mama aliyekuwa anaosha vifaa vyetu alikuwa anatumia glavu zile zile nyembamba za kufanyia tiba, na vidole vyake vilikuwa na michubuko. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Nikamuuliza hayo makovu yametoka wapi. Akaniambia, "Haya mamikasi yenu yanang'ata." Tangu siku hiyo glavu nzito za mpira ziko kwenye orodha yetu ya manunuzi kabla ya karatasi za ofisi.

Mambo ya kutazama hapo: glavu nzito, eproni isiyopitisha maji, miwani au kinga ya uso, brashi laini, na kifaa kusuguliwa kikiwa chini ya maji ndani ya beseni ili matone yasiruke. Koleo lifunguliwe wakati wa kusuguliwa. Likishaoshwa, lichukue wewe, washa tochi, umulike bawaba. Rangi ya kutu kwenye bawaba mara nyingi si kutu. Mvuke haupenyi kwenye damu iliyogandia. Otoklevu itaipika damu hiyo ikabaki pale pale.

Kuhusu Jik. Ile yenye klorini asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji kupata asilimia 0.5, na hiyo ndiyo ya kumwagia damu iliyodondoka sakafuni, dakika 10 kabla ya kufuta. Soma lebo, kwa sababu si kila chupa ina nguvu hiyo. Dawa ikishachanganywa inapoteza nguvu, kwa hiyo ndoo iwe na tarehe na saa. Koleo likilala kwenye klorini usiku kucha linaliwa, linapata vishimo, na vishimo hivyo ndivyo damu inamojificha. Kinachosafisha koleo ni maji, sabuni na brashi. Hendipisi isitumbukizwe kwenye klorini kabisa.

Hatua ya 3: Otoklevu, na hapa usiwe na haraka

Otoklevu ndiyo moyo wa kliniki, na ndiyo mashine inayoaminiwa bila kuulizwa. Anza kwa kuuliza inafanyaje kazi, kisha soma kipimajoto chake.

Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, hayafiki 100. Kwa hiyo mtu anayekuambia "hivi vidogo tunachemsha tu" hajaua spora, zile mbegu sugu za bakteria, na hata huko Dar es Salaam au Tanga kuchemsha hakutakasi vifaa vya upasuaji. Jambo la pili linawahusu wenye otoklevu za kizamani, zile za kama jiko la presha zenye geji ya mshale. Vitabu vinasema presha ya paundi 15 kwa inchi ya mraba kufikia nyuzi 121. Hiyo ni kwa usawa wa bahari. Geji inapima presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, na hewa yetu ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kwa paundi 15 hapa Arusha ndani kunakuwa na nyuzi 118 hivi. Kufika 121 unahitaji paundi 17 na ushee. Moshi iko chini zaidi, tofauti ni ndogo, lakini ipo. Ushauri wangu ni kwamba usimamie joto, presha iwe shahidi wa pili. Na hewa yote ya kawaida itolewe kwanza kabla ya kufunga vali, kwa sababu hewa iliyobaki ndani hudanganya geji.

Nyuzi 121 zinahitaji dakika 15 kwa vifaa visivyofungwa, na dakika 30 kwa vilivyofungwa kwenye pakiti ndani ya otoklevu ya kawaida isiyo na pampu ya kunyonya hewa. Zile za kisasa zenye pampu hufanya kazi kwenye nyuzi 134 kwa dakika 3 au 4. Fuata kitabu cha mashine yako. Dakika zinahesabiwa kuanzia joto lilipofika, wala siyo tangu ulipobonyeza swichi. Kosa hilo nimelikuta mara nyingi kuliko yote. Anayetumia oveni ya joto kavu anahitaji nyuzi 160 kwa saa 2, au 170 kwa saa 1, na mlango usifunguliwe katikati kuongeza koleo lililosahaulika.

Fungua mlango. Mpira wake umepasuka? Ndani kuna ukoko mweupe? Ukoko huo unatokana na maji ya bomba, ambayo kwetu yana madini mengi. Otoklevu inataka maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa madini. Vifaa vimepangwaje? Pakiti zilizobanana kama abiria wa daladala ya saa 12 jioni hazipitishi mvuke. Makoleo yawe wazi, karatasi ya pakiti itazamane na plastiki ya jirani yake. Zikitoka zimelowa, hazijakamilika, maana bakteria hupita kwenye karatasi mbichi.

Kisha tepu. Ile tepu inayobadilika rangi inaonyesha kwamba pakiti ilipata joto. Haionyeshi kwamba joto lilitosha wala kwamba lilidumu. Mimi mwenyewe niliiamini kwa miezi. Kituo nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa na otoklevu ambayo kila pakiti ilitoka na mistari myeusi mizuri, hadi siku tulipoweka ndani kipimo cha spora, kile chenye bakteria Geobacillus stearothermophilus, na spora zikaota, yaani hazikufa. Kipimajoto kilikuwa kimeharibika na mashine ilikuwa inajizima mapema. Kwa muda huo wote tulikuwa tumetibu wagonjwa kwa kuamini mistari. Sijui nani alipata nini, na jambo hilo halijanitoka. Kipimo cha spora kifanyike kila wiki. Kama kupata vipimo hivyo ni shida, ungana na kliniki mbili tatu za jirani, mnunue sanduku moja, mgawane.

Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, mzunguko huo haupo. Unaanza upya kutoka mwanzo. Angalia kwenye daftari la otoklevu kama kuna siku iliyoandikwa "umeme ulikatika, tumerudia". Kama kwa miezi mitatu hakuna siku kama hiyo, huenda daftari lilijazwa kwa mkupuo.

Sasa hesabu, ambayo naipenda kuliko kipengele kingine chochote cha ukaguzi. Chukua rejista ya wagonjwa ya jana na daftari la otoklevu la jana, uyaweke pamoja. Tuseme yaling'olewa meno 14 kwa wagonjwa 14. Kliniki ina seti 6 za kung'olea. Asubuhi zote 6 zilikuwa safi. Daftari linaonyesha otoklevu ilizungushwa mara moja mchana, kwa hiyo zikapatikana 6 nyingine kwa jioni. Jumla ni 12. Wagonjwa wawili walitibiwa kwa seti ipi? Fanya hivyo hivyo kwa hendipisi. Kila mgonjwa anatakiwa apate iliyopita kwenye otoklevu. Kuipangusa kwa spiriti hakutoshi, kwa sababu ndani yake kuna mirija inayovuta mate. Ukiwa na hendipisi 2 na wagonjwa 9 wa kuziba meno kwa siku, na mzunguko mmoja pamoja na kukausha na kupoa unachukua karibu saa nzima, jibu unalo kabla hujamuuliza mtu. Hapo tatizo siyo uvivu wa msaidizi. Mmiliki anunue vifaa au apunguze miadi.

Hatua ya 4: Kabatini

Hapa ni haraka. Pakiti ziwe kavu, zimeandikwa tarehe, za zamani mbele. Iliyochanika irudi kuoshwa. Pitia tarehe za mwisho za ganzi, saruji za kuzibia na glavu. Vilivyokwisha muda viandikwe na kutengwa kwenye boksi lenye maandishi, visiachwe "vya akiba".

Hatua ya 5: Koleo linarudi mdomoni

Kifaa safi kinaweza kuumiza pia. Kabla ganzi haijachomwa, sikiliza maswali yanayoulizwa: presha, sukari, ujauzito, mzio, pumu, dawa za kuzuia damu kuganda, mara ya mwisho kula. Presha ipimwe, isikisiwe. Ridhaa iombwe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Kuna wazee wanaoshuka kutoka Monduli na Longido ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu, na kutikisa kichwa kwao ni heshima, haimaanishi wameelewa. Tafuta mtu wa kutafsiri Kimaa.

Jino litajwe kwa namba, kwa sauti, na watu wawili: anayeng'oa na msaidizi. "Arobaini na sita, gego la kwanza la chini kulia." Kulia kwa mgonjwa. Kisha mgonjwa mwenyewe aliguse kwa kidole. Inachukua sekunde 10, na jino zima likishang'olewa kimakosa halirudishwi kwa kuomba radhi.

Kwa watoto, kagua hesabu ya ganzi. Kipimo cha tahadhari cha lignokaini ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 66. Katriji moja ya mililita 1.8 yenye lignokaini asilimia 2 ina miligramu 36, kwa hiyo katriji mbili kamili tayari zimevuka. Kama kliniki haina mizani, hesabu hiyo haifanyiki. Tafuta mizani kwa macho, kisha tafuta uzito ulioandikwa kwenye kadi tano za watoto wa mwezi uliopita.

Halafu kuna jambo la kwetu. Meno ya kahawia ni mengi Arusha na vijiji vya kuzunguka Meru kwa sababu ya floraidi nyingi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vyetu vingi vinavuka hapo. Ndiyo maana Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa. Katika ukaguzi, chagua kadi za wagonjwa wenye madoa hayo uone waliandikiwa nini. Je, doa lilitofautishwa na kuoza? Je, kijana alichongwa meno mazima bila kuelezwa njia nyepesi zilizopo? Mzazi aliambiwa kwamba madhara huingia utotoni, jino likiwa bado linajijenga ndani ya fizi, kwa hiyo mdogo wake anaweza kuokolewa kwa kubadilisha maji ya kunywa, na kwamba magadi ya kupikia nayo yana floraidi? Kliniki inayong'arisha meno ya mkubwa bila kuuliza mdogo wake anakunywa maji gani imefanya nusu ya kazi.

Na mama akija na mtoto mchanga anayeharisha, akisema ameambiwa ana meno ya plastiki yang'olewe, kila mfanyakazi, hata wa mapokezi, ajue la kumwambia: hayo ni meno ya mtoto yanayokua, hayaguswi, na anayehitaji matibabu ni huyo mtoto kwa kuharisha kwake, leo hii.

Hatua ya 6: Zimisha mtu, washa saa

Usikague sanduku la dharura kwa kulifungua. Mwambie mwenzako mmoja alale kitini, kisha mwite msaidizi: "Mgonjwa amezimia!" Bonyeza saa. Andika sekunde mpaka kiti kimelazwa na miguu imeinuliwa, mpaka oksijeni imefika usoni, mpaka adrenalini iko mkononi. Mara moja niliona adrenalini ipo, haijaisha muda, imepangwa vizuri kabisa ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo uko na mmiliki aliyekuwa njiani kwenda Moshi.

Muulize kila mhudumu kipimo cha mtu mzima mwenye mzio mkali: nusu miligramu, yaani nusu mililita ya adrenalini ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa paja. Jibu liandikwe ukutani juu ya sanduku. Mtungi wa oksijeni ufunguliwe usikike. Namba ya gari na ya hospitali ya kumpeleka mgonjwa, kwa mfano Mount Meru, iwe ukutani pia, na ipigwe siku hiyo kuona kama inapokelewa.

Hatua ya 7: Eksirei

Kama una mashine ya eksirei, mwenye kauli ni Tume ya Nguvu za Atomu, na sisi wa Arusha hatuna kisingizio kwa sababu ina ofisi na maabara hapa Njiro. Leseni ya mashine iwe hai, mpigaji awe na kipima mionzi chake binafsi na akivae. Apige akiwa mita 2 au zaidi, au nyuma ya ukuta wa kinga. Eproni ya risasi itundikwe. Ikikunjwa hupasuka ndani. Ukiona mhudumu anamshikia mgonjwa filamu kwa kidole chake, simamisha kazi hiyo saa hiyo hiyo. Nunua vishikizo.

Hatua ya 8: Taka na watu

Fuata sasa kilichobaki kwenye trei. Pamba na gozi zenye damu ziende kwenye ndoo ya taka hatarishi, karatasi za kawaida kwenye nyeusi, ncha kali kwenye sefti boksi. Kliniki nyingi ndogo hazina tanuri, hupeleka taka kwenye hospitali yenye tanuri. Omba stakabadhi za miezi mitatu uhesabu sefti boksi zilizopelekwa dhidi ya zilizonunuliwa. Zisizoonekana ziko mahali fulani ambapo watoto hucheza. Jino lenye amalgamu, ule mchanganyiko wa zebaki wa kuzibia meno, lisiende kwenye tanuri, kwa sababu zebaki iliyomo hugeuka mvuke. Liwekwe kwenye chupa yenye mfuniko pamoja na mabaki ya amalgamu. Na chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania imo, makubaliano ya mwaka 2022 yanataka amalgamu isiwekwe kwenye meno ya utoto, kwa walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Angalia rejista kwa jicho hilo.

Kwa wafanyakazi, omba kadi za chanjo ya homa ya ini B: dozi 3, ya mwanzo, ya mwezi mmoja baadaye, na ya miezi sita. Wa usafi naye aingie kwenye orodha. Asiyechanjwa akichomwa na sindano ya mtu mwenye ugonjwa huo, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30.

Kisha muulize kila mmoja, akiwa peke yake, atafanya nini akichomwa. Tulikuwa na msaidizi, binti mpole sana, aliyechomwa Ijumaa saa 11 jioni na sindano iliyosahauliwa chini ya gozi. Aliogopa kusema. Aliniambia Jumatatu saa 2 asubuhi, na tulipofika kituo cha tiba zilikuwa zimebaki saa 7 kutimia saa 72, ambazo ndizo mwisho wa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Alizimeza siku zote 28, na vipimo vyake vilitoka salama. Lakini siku tatu zile alizokaa na hofu peke yake nyumbani ni deni letu sisi wakubwa. Kwa hiyo jibu unalolitafuta ni hili: naosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, sikamui, namwambia mfawidhi saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, naenda kituo hiki hapa. Kituo kitajwe kwa jina, na kiwe kile kinachofunguliwa Jumamosi na Jumapili.

Hatua ya 9: Sasa mafaili

Usajili wa kituo, leseni hai ya kila anayetibu kutoka baraza lake, leseni ya eksirei, cheti cha zimamoto, usajili wa mahali pa kazi wa OSHA. Linganisha majina ya kwenye leseni na majina ya walioshika koleo leo. Tabibu wa meno, daktari wa meno na fundi wa meno bandia wana mipaka tofauti ya kazi, na fundi wa meno bandia hang'oi jino. Tazama pia simu za kliniki: picha za vinywa vya wagonjwa zinazotumwa mitandaoni bila ridhaa yao zinagongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hatua ya 10: Andika matatu tu

Utakuwa na mambo thelathini kwenye daftari. Yale ya kusimamisha kazi, kama otoklevu isiyofikisha joto au eksirei isiyo na leseni, yasimamishe siku hiyo, miadi ihamishwe, mgonjwa aelezwe sababu ya kweli. Kwa mengine chagua matatu ya mwezi huu. Kila moja lipate jina la mtu, tarehe, na fedha zake kama linahitaji fedha. Yabandike karibu na sinki ambapo kila mtu anapita, na yasomewe wote kwa sauti, wa mapokezi na wa usafi wakiwepo.

Wiki mbili zikipita, siku ambayo hujamwambia mtu, ingia asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Chukua koleo lolote kwenye pakiti iliyo mbele kabatini, fungua, washa tochi, mulika bawaba. Kisha likaoshwe na kurudi kwenye otoklevu.